Kiini Macho cha Unyumba: Hadaa ya Ndoa katika Tamthilia ya Kiswahili, kutoka Ukaguru hadi Barabara ya Mikumi



Naomba nianze mbali na ukumbi huu, katika mji mdogo wa Mikumi, Wilaya ya Kilosa. Wengi wenu mnaufahamu kwa kuupita tu. Basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya au Tunduma, likishamaliza kuikata mbuga, husimama hapo abiria wakala. Na malori ya masafa marefu hulala hapo. Njia moja hukata kulia kwenda Kilosa mjini, nyingine kushoto kwenda Kidatu na Ifakara. Miaka kadhaa iliyopita gari langu liliharibika, nikakaa Mikumi siku mbili, na jioni ya pili nikajikuta katika uwanja wa shule pamoja na watu wapatao mia moja, tukitazama igizo la vijana wa hapo hapo mjini. Hawakuwa na mwandiko, hawakuwa na jukwaa. Walikuwa na kitanda cha kamba, shuka moja, sahani na meza.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Dereva wa lori amempigia simu mkewe kumwambia yuko Tunduma, foleni ya mpakani ni ndefu, hatarudi wiki hii. Kumbe yumo katika nyumba ya wageni mtaa wa pili, pamoja na mwanamke mwingine. Njaa inamshika, anaagiza chakula. Mwenye nyumba ya wageni anakwenda kukichukua kwa mama lishe aliye jirani, na mama lishe huyo ndiye mke wa dereva. Anakuja na sahani mkononi. Mume anajitupa kitandani na kujigubika shuka hadi kichwani. Hadhira ikalipuka. Watoto walipiga kelele, “Ndiye huyo! Mfunue!” Mwigizaji wa kike akaiweka sahani chini taratibu, akaiuliza shuka kama inataka pilipili, akangoja. Mkono ukatoka chini ya shuka ukiwa na noti. Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, mrefu kuliko inavyoruhusiwa katika kichekesho. Kisha akaipokea noti na kugeuka kuelekea mlangoni.

Watu walikasirika. Kijana mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti kwamba mwanamke huyu ni mjinga. Bibi mmoja aliyekaa kwenye kanga pembeni yangu akajibu bila kugeuka: “Anajua. Akimfunua, atalala wapi?”

Igizo halikuishia hapo, na nitalirudia. Ila nimeanza nalo kwa sababu neno la bibi yule lilinilazimisha kurekebisha jambo nililokuwa nimelifundisha kwa muda mrefu.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba tamthilia ya Kiswahili, inaposhughulikia ndoa yenye migogoro, hubaki juu juu. Mume anasema uongo, mke anagundua, au kinyume chake. Kunatokea ugomvi, mzee anaingia na kutoa nasaha, pazia. Niliwapa mifano ya Ulaya na Marekani kuwaonyesha kina kinavyofananaje. Katika tamthilia ya Ibsen ya mwaka 1879, ile ya nyumba ya mwanasesere, Nora ameghushi saini ya baba yake ili apate mkopo wa kuokoa uhai wa mumewe. Miaka yote ameishi akiamini kwamba siku siri hiyo ikifichuka mume atajitwika kosa hilo mwenyewe. Siri inafichuka, mume anajali jina lake tu, Nora anaondoka. Katika tamthilia ya Edward Albee iliyoigizwa New York mwaka 1962, ambayo jina lake linamtaja Virginia Woolf, George na Martha wamejitungia mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa kamwe. Wamemlea kwa maneno miaka ishirini. Usiku mmoja, mbele ya wageni wawili, mume anatangaza kuwa mtoto huyo amekufa, na mke analia kilio cha mfiwa wa kweli. Nilikuwa nikiuliza: sisi tuna nini cha kufanana na hili?

Njiani kutoka Mikumi kwenda Kilosa kuna mahali panapoitwa Ulaya. Rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa huko, hupenda kunitania kwamba mimi husafiri kutafuta Ulaya ya mbali ilhali ya karibu naipita kwa mwendo wa kasi. Mhadhara huu ni jaribio la kusimama kwenye hii ya karibu.

Tuanze na lugha yenyewe, kwani ndiyo kazi iliyotuleta pamoja. Kiswahili hakina upungufu wa majina ya jambo hili: hadaa, ghiliba, ulaghai, uzandiki, kiini macho, mazingaombwe. Lakini majina hayatufikishi mbali. Kitenzi kinatufikisha. Kutoka katika mzizi mmoja tunapata kudanganya, kudanganywa, kudanganyana, kujidanganya, kudanganyika. Nora wa Ibsen, pamoja na kumdanganya mumewe, kwa hakika amejidanganya. George na Martha wanadanganyana, na kwa makubaliano. Mume wa kichekesho hudanganywa, na sisi tunamcheka. Kauli ya kutendeka ndiyo inayonishughulisha zaidi. Tunaposema “amedanganyika” hatumtaji aliyetenda. Hatusemi alidanganywa na nani. Tunasema hali iliyompata, na tunaacha wazi kama yeye mwenyewe alikuwa na sehemu katika hali hiyo. Tena kauli hiyo hiyo inabeba maana ya uwezekano: mtu “hadanganyiki”, yaani haiwezekani kumdanganya. Yule mama lishe wa Mikumi hakudanganyika. Alijifanya amedanganyika. Sarufi yetu inaweza kulisema hilo kwa maneno mawili, na nadhani sanaa yetu ya maonyesho imekuwa ikilisema tangu zamani bila sisi wahakiki kulisikia.

Wahenga wanalo agizo linalohusika: funika kombe mwanaharamu apite. Agizo hilo halisemi kombe ni tupu wala halisemi waliomo ndani hawajui kilichomo. Linasema kuna mtu wa tatu anayepita, na kwa ajili yake ndipo tunafunika. Kwa hiyo hadaa ya ndoa, kwa mtazamo wa usemi huu, haihusu watu wawili. Inahusu watatu: anayeficha, anayefichiwa, na anayetazama. Huyu wa tatu ndiye nitakayemfuata leo. Nitamwita shahidi.

Tamthilia za mwanzo kuchapishwa kwa Kiswahili zilitoka zaidi katika mazingira ya shule, hasa Kenya, miaka ya 1950. Si jambo la bahati kwamba majina ya baadhi yake yanagusa mapenzi yenye walakini: Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria, ya mwaka 1957, na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi, ya mwaka 1961. Zilikuwa michezo ya vijana waliotengwa na vijiji vyao, wakiigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Sitakaa nazo sana. Ninachotaka kionekane ni kwamba neno “lakini” limo katika jina la mojawapo ya michezo ya kwanza kabisa.

Ebrahim Hussein anatupeleka penye utajiri zaidi. Kabla ya Kinjeketile (1969) kumpatia jina, alikuwa ameshajaribu mkono wake katika Wakati Ukuta na Alikiona, tamthilia mbili za nyumbani. Katika ya kwanza, Tatu anagombana na wazazi wake, anaolewa na Swai kinyume cha matakwa yao, na ndoa haidumu. Ya pili inahusu mke anayemhadaa mumewe, na inachota waziwazi katika kichekesho, ile sanaa fupi ya kubuni papo kwa papo ambayo watu wa pwani waliizoea kabla ya kuwapo tamthilia iliyoandikwa. Wahakiki wengi, nami nikiwamo, tumezipita mbili hizi haraka tukikimbilia Mashetani (1971). Tulidhani ni mazoezi ya ujanani. Lakini tazama tofauti iliyopo baina yake. Katika Wakati Ukuta, vijana wameondoka mbele ya macho ya wazazi. Ndoa yao imeanza kwa kumkwepa shahidi, na inapovunjika hakuna wa kuishika. Katika Alikiona, kinyume chake, hadhira inajua tangu mwanzo. Kicheko kinatokana na kujua huko. Kichekesho hakimfichi mtazamaji chochote. Kinamfanya awe jirani aliyechungulia dirishani.

Hapa ndipo Wilaya ya Kilosa inaporudi, na safari hii si kwa sababu ya gari bovu.

Kaskazini mwa wilaya hiyo, katika milima ya Ukaguru, kuna Berega, mahali palipokuwa kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa CMS. Mwaka 1948 alizaliwa huko Penina Muhando, ambaye baadaye tulimjua pia kwa jina la Mlama, Profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni mwandishi wa Hatia (1972), Tambueni Haki Zetu (1973), Heshima Yangu (1974), Pambo (1975), Talaka Si Mke Wangu (1976), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984). Tumezisoma darasani kama tamthilia za Azimio la Arusha na za ukombozi wa mwanamke, na usomaji huo si wa makosa. Lakini mara nyingi tumesahau kwamba tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1983 ilihusu sanaa za jadi za maonyesho kama chombo cha elimu, na mfano aliouchukua ulikuwa wa Wakaguru. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameandika makala kuhusu digubi, sanaa ya maonyesho ya Wakaguru inayofungamana na unyago wa wasichana. Mtu aliyeandika juu ya talaka katika lugha ya taifa alikuwa mwanafunzi makini wa jinsi wanawake wa nyumbani kwao walivyofundishana unyumba kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa kuigiza.

Kwa jadi, Wakaguru, kama jirani zao Wasagara na Wavidunda wa upande wa Mikumi na Kidodi, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti katika mambo ya wapwa zake. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti wake Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwahi kuzisoma hadithi za Fisi na Sungura za huko kama picha ya mivutano ya ujamaa huo wa upande wa mama. Sidhani inatosha kuzifanya hadithi ziwe ramani ya ukoo. Sungura ana mambo yake. Ila jambo moja ni wazi. Katika mpangilio wa namna hiyo mke haingii nyumba ya mume akiwa peke yake. Nyuma yake wapo kaka, mjomba na ukoo wenye haki naye na watoto wake. Mume akimhadaa, amewagusa hao pia. Shahidi yupo, tena ana mamlaka.

Unyago nao ni shule ya ushahidi. Msichana hufundishwa mambo ambayo wanawake wote waliomzunguka wanayajua, kwa mafumbo ambayo wapita njia watayasikia bila kuyaelewa. Kila mwanamke aliyemo katika duara anajua kwamba mwenzake anajua. Huko ndiko kufunika kombe kwa ustadi wa juu kabisa, kwani kombe limefunikwa hadharani. Nina hakika, ingawa haya ni maoni yangu, kwamba aliyelelewa karibu na sanaa ya namna hiyo hawezi kuandika hadaa ya ndoa kama siri ya watu wawili chumbani.

Sasa tumtoe mke huyu Berega tumpeleke Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge mashariki mwa mji wa Kilosa, au Dar es Salaam. Kambi za mkonge zilijaa wanaume waliotoka mbali, wengi bila wake zao, na ndoa nyingi zilizofungwa huko zilifungwa bila mjomba wa mtu yeyote kuwapo. Nani atasema hawa ni mume na mke? Nani atasema si mume na mke tena? Serikali ilijaribu kujibu kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo ilizikusanya ndoa za dini zote, za kimila na za serikali chini ya paa moja. Iliweka mabaraza ya usuluhishi ambayo, isipokuwa katika hali maalumu, wanandoa lazima wayapitie kabla ya mahakama kusikiliza maombi ya talaka. Na katika kifungu chake cha 160 iliweka jambo ambalo mwanafasihi anapaswa kulisoma mara mbili: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowapatia sifa ya kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Wanasheria wetu huiita dhana ya ndoa. Ona kilichotendeka. Macho ya majirani yamepewa nguvu ya kuumba ndoa. Wale wanaochungulia dirishani katika kichekesho sasa wanaitwa mahakamani.

Talaka Si Mke Wangu ilitoka miaka mitano baada ya sheria hiyo. Ningependa kukaa kidogo na jina lake, kwani limewasumbua wanafunzi wangu wa isimu kuliko wale wa fasihi. Tukilisoma bila kituo, ni sentensi ya ajabu: talaka, kitu kisicho na mwili, inakanushwa kuwa mke. Tukiweka kituo baada ya neno la kwanza, tunasikia mwanamume akimkataa mtu mbele ya watu: talaka, si mke wangu. Usomaji wa pili ni tendo, si taarifa. Mwenye kuyatamka maneno hayo anavunja ndoa kwa kuyatamka, ilimradi pawepo masikio. Lakini masikio ya nani? Katika nchi ambayo mabaraza yameshawekwa, tamko la mume peke yake halitoshi tena kisheria, na bado katika nyumba nyingi lilitosha na kuzidi. Jina la tamthilia limekaa katika ufa huo. Mwanamke anaweza kuwa ameachwa nyumbani na hajaachwa mahakamani. Ni mke kwa karatasi na si mke kwa chakula. Hiyo ni hali ya kudanganyika ambayo hakuna mtu mmoja unayeweza kumnyooshea kidole.

Nguzo Mama inalipeleka jambo hili mbele zaidi, na kwa ufundi ninaouona sasa kuwa wa Ukaguru kuliko wa Ulaya. Tuko katika kijiji cha Patata. Wanawake wanane, Bi Moja hadi Bi Nane, wameitwa kuisimamisha nguzo. Kila wakishika kamba, mmoja anavutwa na ya nyumbani kwake: mume mlevi anayedai fedha asizozitafuta, ndugu wa marehemu wanaomnyang'anya mjane hata vyombo. Nguzo haisimami. Msimulizi ni Chizi, na jina lake ni hali yake. Kwa nini kichaa? Jibu la kawaida ni kwamba kichaa ana ruhusa ya kusema ukweli. Nakubali, lakini naongeza. Chizi ndiye mtu pekee Patata ambaye hana mume, hana mke, hana kombe la kufunika. Ni shahidi aliyebaki baada ya mashahidi wenye mamlaka kuondoka. Mjomba hayupo katika tamthilia hii. Baraza haliamui kitu. Amebaki kichaa na sisi tuliokaa kwenye viti.

Nanyi mtakumbuka kwamba mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya Nguzo Mama kuchapishwa, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, ingawa mwanamke aliyelileta shauri hilo mwenyewe hakupata mgawo aliouomba. Sisemi tamthilia ilileta hukumu. Nasema uongo uliokuwa ukifichuliwa ulikuwa mmoja. Uongo mkubwa wa ndoa zile haukuwa hawara. Ulikuwa kauli kwamba nyumba imejengwa na mtu mmoja.

Nilipofika hapa katika kuandaa mhadhara huu niliona inanibidi kujibu pingamizi kutoka upande ambao sisi wa chuo kikuu hatuupendi: vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, Muungano, Mandela, Tanzania One Theatre na vinginevyo, vilivyojaza kumbi za starehe miaka ya 1990 kwa ngoma, taarabu, sarakasi, vichekesho na maigizo. Siri Lange, katika tasnifu yake ya mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Bergen, na Laura Edmondson, katika kitabu chake cha mwaka 2007, wamevichunguza vikundi hivyo kwa makini kuliko tulivyofanya sisi wenyeji, na hilo si la kujivunia. Maigizo yao yalijaa hadaa za ndoa: kimada, mke anayemwendea mganga, mume anayehonga mshahara wote. Na mara nyingi mno mwenye hatia ni mwanamke wa mjini. Ikiwa kweli sanaa yetu inamweka shahidi kwenye kiti cha enzi, mbona shahidi huyo humhukumu mwanamke peke yake?

Pingamizi hili ni zito na sina jibu la kulimaliza. Ninaloweza kusema ni kwamba tumehukumu maigizo hayo kwa hitimisho lake, ilhali hadhira ilikuwa ikishiriki katikati. Mtazamaji alinyanyuka kwenda kumtunza mwigizaji, akamtia noti mkononi mbele ya wote. Wakati mwingine aliyetunzwa alikuwa mke aliyeonewa, wakati mwingine kimada mwenye ulimi mkali, na kila anayetunza alikuwa akisema jambo kwa mtu fulani aliyemo ukumbini. Anayetaka kujua igizo lilimaanisha nini lazima aulize nani alitunzwa na nani, mume wa nani alikuwa ameketi meza ya pili. Miaka ya mwisho ya karne mambo haya yalihamia runingani, tangu ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994 na vikundi kama Kaole kupata vipindi vyake, kisha yakahamia katika filamu za video. Runinga haitunzwi. Tulipata picha safi, tukapoteza duara.

Lugha ilikuwa ikihama wakati huo huo. Katika maandishi ya miaka ya 1970 tunakutana na hawara na kimada. Kufikia mwanzo wa karne hii neno lililoshika midomo ya watu ni nyumba ndogo. Badiliko hili halijachunguzwa inavyostahili. Hawara ni mtu. Nyumba ndogo ni makazi. Neno linakubali kwamba uongo una kodi ya mwezi, una jiko, pengine una watoto, na kwa kifungu cha 160 pengine una madai mahakamani. Nalo linakaa katika familia moja na unyumba, neno ambalo kwetu lina maana ya maisha ya mke na mume kwa jumla na pia ya tendo la faragha kati yao. Mke anayesema amenyimwa unyumba amesema mambo mawili kwa pamoja, na baraza litachagua kusikia moja.

Wenzetu wa Kenya wamelishughulikia jambo hili kwa njia yao. Nitaitaja Natala ya Kithaka wa Mberia (1997) peke yake. Natala ameambiwa mumewe amekufa, shemeji anataka kumrithi, na mume yu hai. Hapa kiini macho kimegeuzwa: hadaa si ya mume dhidi ya mke, ni ya jamii nzima inayoharakisha kumfanya mwanamke mjane ili apate kurithiwa. Mashahidi wote wamekula njama. Nadhani hiyo ndiyo sura ya kutisha kuliko zote za hoja yangu, nami naiacha mbele yenu bila kuipamba. Shahidi si mtu mwema kwa sababu tu ni shahidi.

Kwa hiyo nikirudi kwa Ibsen na Albee, siwarudii kwa kuwabeza. Nora anaweza kuondoka kwa sababu mwandishi amemtengenezea nyumba yenye mlango mmoja na kuta nne, na nje kuna mji usiomjua. George na Martha wanahitaji wageni wawili wasiowajua ili mtoto wao wa maneno apate kufa. Bila mgeni, uongo wao ungeendelea. Hata huko, kumbe, yupo mtu wa tatu. Nilikuwa sijamwona kwa sababu nilikuwa nikitafuta kina ndani ya vifua vya wahusika. Kwetu kina kiko baina ya jukwaa na mkeka. Mwanamke anayejifanya hajui si mhusika bapa ambaye mtunzi ameshindwa kumjaza nafsi. Anafanya hesabu: paa, watoto, mtaji wa mama lishe, jina lake sokoni. Hesabu hiyo haionekani katika maneno yake kwenye ukurasa. Inaonekana kwa muda anaochukua kuutazama mkono. Ndiyo maana wanafunzi wanaozisoma tamthilia hizi bila kuzisimamisha jukwaani huniambia hazina kitu, na miaka mingi niliwapa alama nzuri kwa kusema hivyo.

Kuna mwenzangu wa idara nyingine aliyenisikia nikisema haya akaniuliza kama sijamgeuza mwanamke anayevumilia dhuluma kuwa msanii, na hivyo kuipamba dhuluma yenyewe. Swali lake lilinikosesha usingizi. Penina Muhando mwenyewe alichagua njia nyingine: katika miaka ya 1980 alishiriki kupeleka sanaa za maonyesho vijijini, Malya, Msoga, na Mkambalani karibu na mji wa Morogoro, ambako wanakijiji walichunguza tatizo lao, wakaliigiza, kisha wakalijadili baada ya onyesho. Kitabu chake cha mwaka 1991 kinaeleza kazi hiyo. Huko kombe lilifunuliwa kwa makusudi, watu wote wakiwapo, ili hakuna mmoja atakayebeba aibu ya kulifunua peke yake. Labda hilo ndilo jibu kwa mwenzangu, kwamba swali si kama mke afunue shuka, bali nani atakuwa amesimama naye akiifunua. Labda halitoshi. Kwa vyovyote, natamani mmoja wa wanafunzi waliomo humu aende Kilosa akaulize wanawake wa Berega na wa Mikumi wenyewe wanachokiona katika maigizo haya, kabla sisi wa vyuoni hatujawaeleza.

Niliahidi kurudi kwenye uwanja wa shule. Mama lishe alikuwa amefika mlangoni, yaani penye mawe mawili yaliyowekwa kuwa mlango. Kijana alikuwa ameshamwita mjinga, na bibi alikuwa ameshajibu. Mwigizaji akasimama. Akaifungua pindo ya kanga yake, akaitia ile noti, akaifunga fundo polepole. Alikuwa ametugeukia sisi, ameipa shuka mgongo, aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayezungumza na mteja:

“Chenji utaikuta nyumbani.”

Shuka haikutikisika. Kwa kitambo uwanja mzima ulinyamaza, ikasikika injini ya lori likipanda kutoka upande wa Ruaha. Kisha bibi wa pembeni yangu akacheka, akajipiga paja, na wanawake wengine wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja kwenda kumtunza.